Bangili ya Duka la Dawa

Nurmes, Septemba

Mdogo wangu Urho,

Pokea salamu zangu, na za paka wangu ambaye bado anakuona wewe mtu wa maana. Hujambo huko ng'ambo ya ziwa? Kuni za baridi zimetosha? Mimi ni mzima, na uzima huu ndio ulionitia matatani. Soma ukiwa umekaa.

Unaikumbuka ile bangili niliyopewa na Bi Marketta wa duka la dawa, nilipofuata vidonge vya presha? Inahesabu hatua na mapigo ya moyo, na yote yanamfikia kwenye kompyuta yake, ili atusukume sisi wazee tuache soseji na tutembee. Alinisema mbele ya foleni nzima: eti mzee mzima, safari yangu ya kutwa ni kitandani hadi kwenye friji! Ndiyo maana nilipokuja kwako wakati wa kuchuma matunda pori nikakuvisha wewe, unayezunguka msituni kama mbwa wa mwindaji. Ukalala nayo wiki nzima. Tulicheka mpaka kahawa ikakupalia.

Nikarudi mjini na sifa. Bi Marketta akawatangazia wateja kwamba Mzee Taisto amekuwa kijana, wamuige. Nikatembea kifua mbele. Kisha akaniita pembeni, sauti ameishusha, akaniuliza kama usiku nasikia kizunguzungu, maana moyo ulikuwa ukikimbia, ukisita, ukikimbia tena ovyo. Nikamtania kwamba labda niliota mambo ya ujana. Hakucheka. Alisema moyo wa namna hiyo hugandisha damu, na donge likipanda kichwani mtu hupooza, au ndiyo basi tena.

Daktari amenibandika nyaya kama redio mbovu, hakuona kitu. Bi Marketta hakuridhika; kila asubuhi ananipigia kuuliza nimeamkaje. Namjibu nimeamka vizuri, halafu soseji yangu nampa paka.

Urho, moyo wangu hauna kitu. Zile zilikuwa siku zako za kuvaa bangili.

Asubuhi hii nimemweleza yote. Heri angenitukana. Alisema tu uletwe, leo hii, na akanipa kalamu; naandika hapa kwenye kaunta yake. Porojo zote za juu ni woga wangu. Simu yako uliitupa ziwani, leseni yangu wameichukua kwa sababu ya macho, na gari la wagonjwa utalifukuza kama ulivyomfukuza yule nesi, kwa beleshi la theluji. Basi nimemwomba Kalevi mpeleka barua asiitie hii sandukuni. Akukabidhi mkononi, asubiri umalize, akupakie garini mwake katikati ya magazeti.

Inua macho. Ndiye huyo anayejifanya anacheza na mbwa wako. Usimbishie, mdogo wangu. Vaa viatu.

Nisalimie huyo mbwa, Kalevi atamlisha. Sasa hivi unaposoma, mimi nakusubiri mlangoni pa hospitali, na nimekuja kwa miguu.

Kaka yako mwongo,
Taisto