Begi la Kulalia la Mitumba

Alhamisi, Machakos

Na bado linanuka sabuni! Begi langu la kulalia, nililolichagua kwenye mitumba kwa kuingiza mkono ndani na kungoja upate joto, Mama amelifua leo kama blanketi, akalikamua, akalianika juani. Pamba yote ikashikana mabonge mabonge. Na Jumamosi tunaenda kulala mlimani Kilimambogo na vijana wa kanisa. Nilinuna mpaka jioni.

"Mtu ako na kitanda anaenda kulala msituni," akasema, lakini akaja kuketi nami mkekani. Tukayafumua mabonge kwa vidole, polepole, mpaka begi likafura kama ukungu wa asubuhi pale vilimani Iveti.

"Kwani ndani kuna joto kweli?"

"Ingia uone, Mama."

Akaingia na kitambaa chake kichwani. Nikamfungia zipu hadi kidevuni. Akacheka kidogo, kisha akafumba macho.

Tangu tumzike Baba, kila usiku namsikia Mama akitembeatembea sebuleni. Sasa anakoroma. Naandika kwa mwanga wa simu nisimwamshe. Begi linapanda, linashuka, na naona kama nyumba nzima inaelea nalo.

Jumamosi nitabeba blanketi.