Rangi za Ng'ombe wa Marselino

Alhamisi, 6 Juni 2024
Mgeni dukani. Nkunzimana, mtu wa hamsini na kitu, ametoka Kitahana, Kibondo. Anasema ni mdogo wake Marselino. Mdogo wake! Mume wangu aliniambia nduguze wote waliisha mwaka sabini na mbili, njiani wakikimbia mauaji kwao ng'ambo ya mpaka kuja huku. Nimemzika miezi minne tu iliyopita, na leo ana ndugu. Anataka kuliona kaburi. Kaburi liko shambani Heru Juu — ukimwonyesha mtu kaburi umemwonyesha na mipaka. Nimemwambia arudi keshokutwa.

Ijumaa, 7 Juni
Jambo moja limenikaa kichwani. Jana alitazama vitenge rafuni, akagusa kimoja, akasema, hiki bihogo. Ni kweli. Bihogo ni ng'ombe mwenye wekundu uliokolea. Marselino aliita vitambaa kwa rangi za ng'ombe wa baba yake. Cha rangi ya asali kilikuwa gaju. Wateja wakiomba chuichui, au nikimkumbusha kuwa kanga ni jina la yule ndege wa madoadoa, alicheka. Waswahili wanavaa chui na ndege, alisema, mimi nawavika ng'ombe.

Lakini soko zima la Kasulu lilimsikia. Hata Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huniuliza, "Mama, bihogo iko?" Basi huo si ushahidi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemtega. Nilichukua gaju nikamwambia, "Shemeji, hii bihogo ndiyo aliyoipenda kaka yako."

Akaipapasa. Akanitazama kidogo. "Nzuri, shemeji."

Hakunisahihisha. Nikamuuliza kama anawakumbuka ng'ombe wenyewe. Akasema hakuwaona, alivuka mpaka akiwa mgongoni, rangi alifundishwa na dada yao. Mwongo angesema anawakumbuka. Au mwongo hodari ndiye husema hivi. Sijampeleka kaburini.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Dada yupi?

Jumatano, 12 Juni
Wamekuja nyumbani, wawili, kwa bodaboda. Dada mtu anaitwa Vestina. Ana paji la uso la Marselino — au ndivyo ninavyotaka kuona. Hakunipa mkono.

"Ndugu yangu kaniambia mjane anaita gaju bihogo," alisema. "Mke wa Marselino hawezi kukosea hilo. Wewe ni nani?"

Nilisema nilikuwa namjaribu shemeji. Akacheka kwa pua. "Na mimi nakujaribu. Ng'ombe mweupe, wa mama yetu. Marselino alimwita nani?"

Nikasema ngoja nichemshe chai. Ndiyo naandika hapa jikoni.

Miaka thelathini na moja, sijasikia habari ya ng'ombe mweupe. Bihogo, gaju, basi. Kitambaa cheupe hakuwahi kuleta dukani. Siku tunafunga ndoa alivaa shati la kijivu, nami nikadhani hana lingine. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema cheupe kinachafuka upesi, kisha akatoka nje, akakaa huko hadi wali ukapoa.

Nawasikia uani.

Vestina: "Hajui huyo."

Nkunzimana: "Mwache, dada. Pengine hakumwambia."

"Mke?"



Chai imeshachemka. Vikombe vitatu viko tayari. Sina jina la kutoka nalo.