Mbegu Nyekundu Juu ya Paa

Jumamosi, 18 Mei
Mvua! Tulishakata tamaa. Wiki nzima mawingu yanapita juu ya kilima kama wageni wasiotujua, leo yamemwaga yote. Tangi limejaa hadi limefurika. Baba mkwe kalipiga ngumi ubavuni, akacheka peke yake. Eti hii ndiyo ya kutuvusha kiangazi, mwaka huu hakuna wa kushuka bondeni na dumu.

Wote wana furaha. Mimi mikono yangu inanuka dawa.

Haya, niandike. Mbegu za mahindi zilizobaki, zile nyekundu zilizopakwa dawa ya wadudu, zilipata unyevu. Nikazianika juu ya bati ili kuku wasizifikie. Baba mkwe alishanikanya tangu nilipoolewa: paa ndicho kisima chetu, hapaanikwi kitu. Sikio la kufa! Nikaenda dukani kuchaji simu, umbea ukaninogea, mvua ikanikuta huko huko. Nimerudi mbio — bati limeoshwa, linang'aa. Mbegu zimejazana kwenye chujio la tangi, zimepauka. Rangi yote imeshaingia ndani. Nimezizoa, nimezifukia nyuma ya choo. Hakuna aliyeniona.

Jumapili, 19 Mei
Nimechungulia tangini. Maji safi tu, hayana rangi. Tangi kubwa, dawa kidogo — labda si kitu. Mama mkwe kaisifia chai, anasema maji ya mvua hayana mfano. Mimi nimesingizia kiungulia.

Jumatano, 22 Mei
Chifu anatapika. Ni mtoto wa wifi yangu. Tumemwita Chifu kwa sababu anatuamrisha sote na meno yenyewe hayajatimia. Leo haamrishi mtu. Wifi kambeba hadi zahanati. Muuguzi kauliza maji wanayokunywa, kawaambia wachemshe. Wachemshe! Lile fuvu la mtu kwenye pakiti ya dawa, ukilichemsha linakuwa nini?

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Mdomo ukafunguka, nikajisikia nasema, "Wifi, nikuletee kuni?"

Alhamisi, 23 Mei
Chifu ana nafuu. Kaomba maji, nikamwangushia kikombe "kwa bahati mbaya". Akalia. Wifi kaniangalia jicho baya.

Mama mkwe keshapata mkosaji: njiwa wa baba mkwe. Wanakunya juu ya paa, mvua inakokota mavi yao hadi tangini. Mzee kajitetea, mbona miaka yote tunakunywa na hatuumwi? Mama mkwe kamuuliza kitu kimoja tu: mjukuu au njiwa? Jioni mzee kawakamata mmoja mmoja, huku anawasemesha, kawatia kwenye tenga, kampelekea fundi baiskeli ng'ambo ya kilima.

Njiwa wale ndio starehe yake pekee.

Ijumaa, 24 Mei
Njiwa wamerudi! Wote! Mzee kacheka hadi akakohoa, kisha akamwona mama mkwe mlangoni, akaacha.

Mume wangu kapiga simu kutoka kazini. Huko salama? Salama, nikasema. Chifu kanywa tena, vikombe viwili, mimi nimesimama palepale.

Jumapili, 26 Mei
Wote wamekwenda harusini kwa jirani. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Walipopotea kwenye kona nikafungua koki ya chini ya tangi.

Mchana kutwa maji yalikuwa yanashuka mtaroni kuelekea migombani. Kiangazi chetu chote kinapita mbele ya miguu yangu! Nililia. Kisha nikaona afadhali, angalau Chifu hatayanywa tena. Nilishapanga la kusema: nilikuwa nimelala, koki iliachwa wazi, sijui na nani. Simtaji mtu. Nilidhani kosa lisilo na mwenyewe halimuumizi yeyote.

Wakarudi. Mama mkwe kagonga tangi, likalia tupu. Yowe alilopiga! Nani kaacha koki?

Kabla sijasema langu, baba mkwe kajibu. Ni yeye. Alinawa pale wakati wa kuondoka, bila shaka hakuifunga, akili ya uzee hii. Na anaamini! Kashika kichwa kwa mikono miwili, anaamini kabisa. Mama mkwe kamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika. Wifi naye kaongezea yake, mbele ya mtoto.

Mimi mwoga. Nimemtia mzee wa watu aibu ndani ya nyumba yake, kisha nikampakulia chakula.

Jumatatu, 27 Mei
Asubuhi, jikoni, naandika haraka. Baba mkwe kanikataza kushuka bondeni kuteka. Aliyemwaga ndiye ateke, kasema. Na goti lile! Njia yenyewe inawashinda mbuzi. Nimemwambia, "Baba, niachie mimi, tafadhali." Kanishika bega. "Wewe mwanangu huna kosa lolote." Lolote!

Mama mkwe hajatoka chumbani. Wifi anafagia tu, hainui kichwa.

Mzee ananiita uani. Dumu keshaliweka mgongoni, anataka nimfungie kamba, mikono yake haifiki nyuma. Anaita tena, kwa upole, kama anayeniomba radhi.

Nakuja, Baba. Nitamwambia. Nimfungie kwanza, halafu nitamwambia.