Siku Niliyoondoka Baba Hakuketi

Mtaa wa Kőris, nyumba 14,
Budapest.
17 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Rimma,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nauliza yako, maana yangu nayajua. Naomba baridi ya Perm mwaka huu isiyaingie. Mimi ni mzima wa kutosha. Nakula, nalala, na mafua yaliyonishika mwaka mpya yamekwisha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu yako unaipokelea jikoni, na kaka yako, huyo Baba, hashindi kwingine. Ninalotaka kukuambia si la kusikilizwa na mtu anayejifanya anasoma gazeti.

Kubwa kwanza: nimeacha kucheza dansi ya barafuni. Mashindano ya Ulaya ya mwezi uliopita ndiyo yangu ya mwisho. Nilianguka, uliona mwenyewe. Tena kwenye mizunguko ya pamoja, mahali ambapo sijaanguka tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Botond, mwenzangu wa kucheza, alininyanyua, tukamaliza dansi, tukawa wa kumi na saba. Kwenye benchi la kusubiria alama kocha alinipapasa mgongo, nami nikaipungia kamera mkono kama mjinga, nisijue nampungia nani.

Watu huku bado wananiuliza kwa nini nilihama Urusi. Nimechoka kujibu. Wewe unajua. Nilicheza na Yegor miaka tisa, na magauni yote ulinishonea wewe, hata lile la kijani lililonichuna kwapa. Kisha Yegor akachukuliwa na msichana wa Moscow, na bwana mmoja wa shirikisho akaniambia bila kuinua macho, "Binti, wasichana kama wewe tunao foleni nzima. Wavulana ndio hatuna." Wahungari walikuwa na mvulana mmoja asiye na wa kucheza naye. Basi. Sikukimbia nchi, nilifuata mkono wa kushika.

Kaka yako akasema, "Nchi si kiatu, ati kikikubana unavua." Nami nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye kazi yake ni kuendesha lile gari la kulainishia barafu, mambo ya kucheza hayajui. Shangazi, neno hilo linaniuma mpaka leo. Nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa akitoka kabla ya tramu ya kwanza, miaka yote ile, ili barafu mpya ya asubuhi iwe yangu kabla mwingine hajaikanyaga.

Siku ya safari unaikumbuka. Tuliketi kabla ya kutoka, kama ilivyo ada: wewe juu ya sanduku langu, mwanao Lyova sakafuni, mimi kwenye kigoda cha viatu, kimya, ili msafiri afike salama na arudi salama. Baba alibaki amesimama dirishani, ametupa mgongo. Hakuketi. Mwaka huu wa tano sijakanyaga nyumbani. Sisemi ni kwa sababu hiyo, lakini kila nikifunga sanduku la mashindano naketi peke yangu kitandani, na dakika ile huwa ndefu.

Upweke, Shangazi, sikuwahi kukuandikia. Mwaka mmoja na nusu wa kwanza sikushindana hata mara moja, nikingoja barua ya shirikisho letu ya kuniachia nichezee nchi nyingine. Nilifanya mazoezi kila siku kama mtu anayepika na hana mgeni. Jumapili Botond huenda kwa mama yake kula supu. Walinialika mara mbili, nikakaa natabasamu tu, lugha siijui. Siku hizi naijua, na bado hakuna huku anayeniita Tasya.

Wasichana wetu wa Urusi nao, tukikutana mashindanoni, ndio hao. Snezhana, yule uliyemshonea gauni bure, alinikuta chumba cha kuvalia akasema mbele ya wenzake, "Vipi Tasya, bado unatuelewa, au tukuletee mkalimani?" Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikainama kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Sasa barua yako. Uliniandikia kurasa nne, habari za jirani na za paka na za lifti mbovu, nami nikang'ang'ania mistari miwili. Kwamba Baba, ambaye huzima televisheni nikitokea, safari hii hakuizima. Kwamba nilipoanguka alisema, "Barafu hiyo laini mno. Nani kaimwagia maji namna hiyo?" akatoka kwenda kuvuta sigara.

Shangazi, barafu ilikuwa nzuri. Nilianguka kwa goti langu na woga wangu. Usimwambie.

Nakuja. Treni ya kutoka Moscow itanifikisha Perm Jumamosi, tarehe 9 Machi, asubuhi. Nitakaa siku kumi, kisha nitarudi huku, kwa sababu nimepata kazi ya kufundisha watoto. Siombi Baba aje stesheni. Siombi tufukue ya zamani. Unatujua sisi, tutagombana supu haijapoa. Lile neno la gari nitamwomba radhi, hilo ni kosa langu. Ninalotaka kwake ni moja. Siku ya kuondoka, tukiketi, naye aketi. Dakika moja tu. Hata akiangalia ukuta.

Nisalimie Lyova na mkewe, na Bibi Faina wa ghorofa ya chini. Mwambie kitambaa cha meza alichoagiza nimekipata, ila si chekundu. Mungu akulinde, akuachie hayo macho ya kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, maana ukiyakosa utajigamba kwa lipi?

Baba usimpe salamu zangu. Mwekee kiti tu.

Akupendaye sana, binti wa kaka yako,
Tasya