Urmas na Jino Alilovuka Nalo Bahari

Villu, shika simu! Leelo na kaka yake Urmas wameraruana sasa hivi mbele ya mama yao, siku yake ya kuzaliwa!

Unamjua Urmas tangu aende kujenga Helsinki. Kila akivuka bahari kuja kwetu Tallinn, hadithi ni mishahara tu. Kodi kule inauma, pango linauma zaidi, lakini eti bado anabaki na pesa kutuzidi sote.

Leo akamgeukia Leelo. "Dada, huo udaktari wako wa meno unakulipa kama mfagizi wa kwetu."

Wa KWETU! Yaani Helsinki! Anamwambia dada yake!

Mama yao: "Urmas, funga mdomo."

Wapi! "Si nasema kweli, mama? Anaung'ang'ania umaskini."

Na Villu, huyo amekuja kutengenezewa jino! Helsinki bei imemshinda. Jana Leelo kamchimba jino, kamzibia kwa muda, amalizie kesho. Bure!

Leelo akasimama. "Kesho usije, kaka. Kamalizie kwenu."

Urmas akacheka peke yake. "Unatania, dada."

"Wapigie simu madaktari wa huko kwenu. Waulize bei."

Akamtazama mama yake amtetee. Mama akaenda kumletea koti lake.