Kaunti Tupu Aliyoipenda Mume Wangu

Bi Hester mpendwa, mshauri wetu wa gazetini, naomba unishike mkono kabla Ijumaa haijafika, kwa sababu siku hiyo mume wangu Royce anataka tutie saini kuuza nyumba yetu ya hapa Springfield tuhamie kaunti ya Pellam, ndani kabisa ya milima ya Ozark, na mimi naogopa, lakini nikifungua mdomo naambiwa nimezoea starehe za mjini. Royce ni mtu wa kujiandaa, anaamini balaa linakuja, umeme utakatika na maduka yatabaki rafu tupu, na msimu mzima amekuwa akizipima kaunti, mvua, udongo, kuni, umbali kutoka barabara kuu, ila anachokipa alama kuliko vyote ni uchache wa watu, na Pellam imezishinda zote maana karibu hakuna mtu. Tulikwenda kuiona nyumba pamoja na Neva wetu wa miaka minne, na kweli ni nzuri, chemchemi iko nyuma ya jiko, lakini niliposhuka kwenye ghala la chini nikakuta chupa za akiba, maharage, matunda ya pichi na nyama zilizopikwa na kufungwa kwa ajili ya baridi, zimejaa, zimeandikwa tarehe za mwaka jana kwa mkono wa mwanamke, na nyumba ya jirani hivyo hivyo, na inayofuata hivyo hivyo, nawe unajua watu wetu wakihama chupa ndizo zinazotangulia kupanda gari, vitanda baadaye. Royce akacheka, "Si bahati hiyo, mke wangu? Tunaanza na akiba." Bondeni amebaki bibi mmoja, Opal Gentry, anakinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bati la paa ilhali chemchemi inapita mlangoni pake, nikamuuliza mbona hachoti, akasema, "Mwanangu, wenzangu walichota." Nikauliza wamekwenda wapi, akamtazama Neva, akasema, "Huyo akalale mjini leo." Royce anasema upweke umemharibu bibi akili. Lakini Neva naye aliniambia, tukiwa njiani kurudi, kwamba pale kwenye maji hakuna hata chura. Nifanye nini?

Verna

Verna, akili yako ni timamu, na nimekukasirikia kidogo kwa kuniomba ruhusa ya kuogopa. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Sikuambii habari za mizimu. Milima ile ina machimbo ya zamani ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mwamba wake umejaa matundu, kinachomwagwa bonde hili hunywewa bonde la pili. Huenda ni hilo, huenda ni jambo nisilolijua. Royce wako amepima kila kitu isipokuwa lililo wazi: kaunti ikikosa watu, huulizi kwanza walikwenda wapi? Yeye akaipa alama. Mjanja huyo.

Usilete nyumbani hata chupa moja ya pichi zile. Chota maji ya chemchemi, yapeleke maabara ya afya ya jimbo, na Neva asiyaguse. Rudi kwa Bi Opal bila Royce, mpelekee chakula cha moto, ukae mpaka akutajie majina ya hao wenzake.

Nyumba ya Springfield haiuzwi bila saini yako. Ijumaa kalamu ikiletwa, mwambie Royce bila kupaza sauti, "Tangulia wewe, mume wangu. Unywe maji ya pale mpaka theluji ianguke, ukiwa mzima mimi na mtoto tutakufuata." Akisita, ujue naye anaogopa, na nyumba haiuzwi.