Wa Kijito Kushoto, wa Chemchemi Kuume

Wamaza, kijijini

Naomie mujukuu wangu,

Mie babu yako niko na miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili na machefu watatu wa kijiji, vita zimepita hapa, mie nimebaki. Mihogo imeoza kwa mvua na goti limekataa kazi. Nimechoka.

Mwambie dada yangu Feza, anayejificha kwako Kasongo, arudi. Watu hapa walimwita mulozi, muchawi, kwa sababu watoto wanakufa katika nyumba anazoingia kuzalisha. Nikakumbuka ile hesabu yako kubwa: shika jambo moja lisitembee, ndipo uone kazi ya lingine. Wewe unatumia mashine. Mie nilitumia akina mama, barzani kwa chefu.

Nikasema, "Wanaokunywa maji ya kijito, kaeni kushoto. Wa chemchemi, kuume."

Wakanicheka. "Muzee, unatupangia ndoa?"

Lakini wakakaa. Kila upande nikauliza nani alimwita Feza kumzalisha, na nani alizika mtoto. Kushoto, watoto walikufa kwa waliomwita Feza na kwa wasiomwita, sawasawa. Kuume, hata kwa waliomwita, watoto ni wazima. Ila wa kijito ndio wanaomwita sana, kwa sababu dispansari iko mbali nao. Kumbe yanayoua ni maji, si dada yangu.

Hakuna aliyecheka tena. Ni kichwa changu hiki, bila shule!

Feza akikataa kuamini, mwambie habari ya Marguerite, yule aliyemtemea mate. Jana alifagia nyumba ya Feza, akaweka mulangoni mtungi wa maji ya chemchemi.

Babu yako,
Assani